Mzinga wa meli haubaki baharini

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari huku kwetu wilaya ya Same, si mbali sana na Mhezi nilikozaliwa, nikapewa Fizikia kidato cha nne. Mada ilikuwa sumakuumeme. Siku ya tatu nimesimama ubaoni, nimechora waya, nimechora mistari ya sumaku, nimenyoosha vidole vitatu vya mkono wa kushoto kama kanuni ya Fleming inavyotaka. Darasa zima nalo limenyoosha. Ungetuona dirishani ungesema tunasaka mtandao wa simu mlimani. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu, hii kitu inatusaidia nini sisi?"

Swali zuri. Jibu langu likawa bovu. Badala ya kufikiri, nikachomoa simu mfukoni na kuwaonyesha video ya mzinga wa umeme wa jeshi la majini la Marekani. Mnaijua hiyo video. Kipande cha chuma kinatoka, moto unatapakaa nyuma yake, sahani za chuma zinatobolewa kama karatasi. Wanafunzi arobaini na kitu wakakusanyika kwenye kioo kidogo, wakapiga kelele, wakaomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Kengele ikalia, nikatoka najiona mwalimu wa mwaka. Yule kijana wa nyuma hakupiga kelele. Aliniangalia tu, maana swali lake nilikuwa sijalijibu.

Niliporudi chuoni nikalikuta jambo hilohilo kwenye kibaraza cha hosteli. Usiku, umeme umekatika, watu wanabishana: Marekani kashindwa, Mjapani kaweza, Mchina anakuja kimyakimya. Ni kama Simba na Yanga, ila timu zote za ugenini. Mmoja wetu, anasoma uhandisi, akamaliza mabishano kwa kusema: "Jamani, sisi meli za namna hiyo hatuna, inatuhusu nini?" Watu wakacheka, wakaenda kulala.

Kwa maoni yangu anayeshangilia na anayepuuza wote wamekosea. Na sisi tunaosomea ualimu tumekosea zaidi, kwa sababu tutakabidhiwa madarasa.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe, maana wengi tunabishania video. Mzinga huu wengine huuita mzinga wa reli, kwa kuwa ndani yake kuna vyuma viwili virefu vilivyolazwa sambamba kama reli za treni. Kati ya reli hizo panawekwa kipande cha chuma kinachogusa zote mbili. Umeme mkubwa mno, ampea milioni kadhaa, unapanda reli moja, unavuka kwenye kile kipande, unarudi kwa reli ya pili. Umeme huo unazaa uga wa sumaku katikati, na uga unasukuma kipande kwenda mbele. Basi. Hakuna baruti. Ni vile vidole vitatu vya Fleming, na ni nguvu ileile inayozungusha mota ya mashine ya kusaga. Risasi yenyewe haihitaji hata kilipuzi ndani. Inaua kwa kasi yake.

Desemba 10, 2010, huko Dahlgren, jimbo la Virginia, Wamarekani walifyatua mzinga huu kwa nishati ya megajuli 33. Namba hiyo imekaririwa sana, lakini ibadilishe iwe lugha ya nyumbani. Uniti moja ya LUKU ni megajuli 3.6. Kwa hiyo megajuli 33 ni uniti tisa na ushei. Uniti tisa! Nyumba ya kawaida inazila kwa siku kadhaa na hakuna anayetobolewa ukuta.

Siri yote iko kwenye muda. Uniti hizo tisa zinatoka kwa kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Gawanya: unapata megawati 3,300 hivi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote tisa ikizunguka, linatoa megawati 2,115. Yaani kwa kufumba na kufumbua mzinga mmoja unahitaji kuzidi bwawa zima la Rufiji. Meli itautoa wapi umeme huo? Meli za Marekani za aina ya Zumwalt, ambazo ndizo zilizotajwa sana kuwa zitaubeba, zinazalisha megawati 78 hivi.

Wanatumia kapasita. Na hapa, ndugu zangu wa Upareni, hatuna haja ya kukariri desa, kwa sababu babu zetu walishajenga kapasita. Inaitwa ndiva. Kijito ni chembamba, ukikielekeza moja kwa moja shambani maji yanaishia njiani. Basi usiku kucha unayakusanya kwenye ndiva, asubuhi unazibua, maji yanatoka kwa nguvu na kufika shamba la mwisho. Kapasita za meli ni ndiva ya umeme: zinajazwa polepole, zinafunguliwa ghafla. Nilipokuja kulieleza hivyo darasani, hakuna aliyeuliza mara mbili. Ningelijua hilo siku ya tatu ningebaki na simu yangu mfukoni.

Sasa bei. Mimi Mpare, mnisamehe, swali la bei lazima nilifikie. Mnatusema kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya. Kuanzia mwishoni mwa 2023, kwenye Bahari ya Shamu, meli za kivita za Marekani zilikuwa zinatungua droni za Wahouthi, vitu ambavyo vingine vimegharimu dola elfu chache au makumi ya elfu, kwa makombora ya dola kama milioni mbili kila moja. Ng'ombe na kuku, sivyo? Na hao si Wapare. Meli za mizigo nazo zikaacha njia hiyo zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama za safari zikapanda.

Ndiyo maana mzinga wa reli uliwavutia. Risasi yake ni chuma, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kombora, na meli inabeba risasi nyingi bila kulalia ghala la baruti. Mpango ulianza 2005. Ulipofika 2021 jeshi la majini likaacha kuugharamia, baada ya kutumia kama dola milioni 500. Hesabu za Lorentz zilikuwa sawa siku zote. Kilichowashinda ni vyuma. Umeme ule na msuguano ule unazila reli za ndani, na sumaku inayosukuma risasi mbele inazisukuma na reli zenyewe ziachane. Mzinga wa meli unatakiwa upige, upige tena, upige tena, siyo upige mara chache halafu ukabadilishwe mtutu. Joto halikupata pa kwenda. Wakati huo makombora yakawa yanafika mbali kuliko mzinga huo ulivyoahidi. Wengine hawakuacha: mwanzoni mwa 2018 zilionekana picha za meli ya China yenye mtutu mkubwa mbele ambao wataalamu waliutambua kuwa wa namna hiyo, na Oktoba 2023 Japani ikatangaza kwamba imeufyatua wa kwake kutoka chomboni baharini.

Kwa mwalimu wa Fizikia hii ni hazina kuliko ile video. Inamwambia mwanafunzi kwamba fomula kuwa sahihi ni mwanzo tu wa kazi, mabilioni yanaweza kuishia kwenye kutu na joto. Na Wapare tulikuwa wafua chuma kabla hatujaitwa shule. Majembe na mikuki ya huku ilivuka hadi Uchagani. Mfua chuma yeyote wa zamani angemwambia mhandisi wa Dahlgren kwamba moto haudanganywi.

Lakini hayo yote bado ni mzinga ukiangaliwa kutoka nyuma, kutoka upande wa anayefyatua. Yule mwenzetu wa uhandisi alisema haituhusu kwa kuwa meli hatuna. Hebu tuangalie pwani yetu imewahi kukutana vipi na mizinga ya meli za watu.

Agosti 27, 1896, saa tatu asubuhi, meli za Uingereza ziliipiga ikulu ya Unguja. Hadi zinanyamaza zilikuwa zimepita dakika 38 hivi. Kipindi kimoja cha shule ni dakika 40. Ndani ya kipindi kimoja, kabla kengele haijalia, kiasi cha watu 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, karibu wote wa upande wa ikulu. Waliokuwa ndani hawakuwa na meli ya maana. Na mabomu hayakuwauliza kama wanazo.

Labda utasema hiyo ni pwani, sisi tuko mlimani. Nilisema hivyo pia, mpaka niliposoma habari za Königsberg.

Hii ilikuwa meli ya kivita ya Wajerumani. Septemba 20, 1914 iliivamia meli ya Waingereza, Pegasus, ikiwa bandarini Unguja inatengenezwa, ikaizamisha. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya mwenzake, kwa hiyo Pegasus ilipigwa ikiwa haina uwezo wa kujibu. Kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza wakaisaka kwa miezi, wakaleta hadi ndege za kuichungulia, na Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaimaliza. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mtoni.

Kwenye kibaraza cha hosteli hadithi ingeishia hapo, meli imekufa. Wajerumani hawakuishia hapo. Walizitoa topeni zile bunduki kubwa zote kumi, za milimita 105. Zikavutwa kwa kamba na mamia ya watu, zikafika Dar es Salaam, zikawekewa magurudumu, zikagawanywa nchi nzima. Mzinga uliotengenezwa kwa ajili ya bahari ukapandishwa bara. Machi 21, 1916 ulikuwa unanguruma Kahe, karibu na Moshi, ukilinda reli ya Tanga dhidi ya jeshi la Smuts. Mei hiyohiyo ya 1916 vita ikateremka kufuata reli na mto Pangani, chini kabisa ya milima yetu. Ukishuka leo ukafika Same mjini, reli ileile ipo. Mnautafuta mzinga wa reli Japani. Huku ulishapita, ila reli zenyewe zilikuwa za treni.

Mmoja wa mizinga hiyo uko Mombasa, Ngome ya Yesu, jirani na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria. Watalii wanapiga nao picha. Wale walioivuta hawana pa kupigiwa picha.

Babu yangu pale Mhezi amevuka miaka themanini. Baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hiyo, yeye na kaka yake. Kwanza walibebea Wajerumani. Wajerumani walipokimbia, Waingereza wakawakamata wakawabebesha mizigo yao. Kaka mtu hakurudi. Sisemi walivuta mzinga wa Königsberg, sina ushahidi huo, na babu mwenyewe anasema baba yake aliongelea zaidi masanduku na mvua. Wapagazi waliokufa katika vita ile wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa, risasi ikiwa sababu ndogo. Huyo wa kwetu ni mmoja wao. Kaburi lake halijulikani, na kwenye ukoo jina lake limerithiwa na watoto watatu ili lisipotee.

Jumamosi moja wakati wa mazoezi nilipanda nyumbani. Tulikuwa tunakula makande, nikamwonyesha babu ileile video, kwa mbwembwe zilezile. Akasogeza simu, akairudisha mbali kidogo, akatazama mpaka mwisho.

"Shikamoo zote hizi wamefyatua nini, baba?"

"Chuma tu, babu. Hakina hata baruti."

"Na pale mbele wanapiga nini?"

"Sahani za chuma. Ni majaribio."

Akanirudishia simu. "Watapata kingine," akasema, akaendelea kula.

Nimelibeba hilo jibu tangu siku hiyo. Kwenye video zote za silaha hizi, na nimetazama nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu mwenye mitihani, kamera inakaa nyuma ya mtutu au pembeni. Mwisho wa safari ya risasi kuna sahani, au bahari tupu. Mtazamaji anajifunza kusimama na anayefyatua, hata kama maisha yake yote, na ya baba zake, yako upande wa pili. Huo ndio ubishi wangu na wanaoshangilia. Bahari ya Hindi ni yetu kwa kuitazama tu, lakini meli zitakazobeba mizinga hii zitapita humo humo, na zikipigana, gharama na vyuma chakavu vitapanda bara kama vilivyopanda mwaka 1915.

Najua nitajibiwa kwamba Fizikia haina upande, siasa tuwaachie watu wa Historia. Nakubali kwamba nguvu ya sumaku haina upande. Mota inazunguka kwa Mpare na kwa Mjapani sawasawa. Lakini mwalimu anayeamua kuonyesha video ya mzinga kwa dakika kumi na asiwe na dakika moja ya Kahe, ameshachagua upande, hata kama amechagua kwa uvivu. Mimi nilichagua kwa uvivu. Tena tukumbuke kwamba wengi wetu tunachukua masomo mawili ya kufundishia; wapo humu wanaofundisha Fizikia asubuhi na Jiografia mchana, halafu wanasema hayo mawili hayakutani.

Pia sitaki nieleweke kwamba nawakataza watoto kutamani vitu vikubwa. Kijana wa Same akitaka kujiunga na Kamandi ya Wanamaji, aende, nchi inamhitaji. Nachokataa ni kumlipa kelele mtoto aliyeuliza swali. Vifaa vya kumjibu ni betri moja ya tochi, sumaku iliyochomolewa kwenye spika mbovu, na waya wa shaba wa nusu mita. Havifiki nauli ya kutoka mlimani hadi Same. Wiki ya mwisho ya mazoezi nilivipeleka darasani, nikakunja waya, nikaweka sumaku chini, waya ukaanza kuzunguka. Ulitetemeka, ukasimama, nikaugusa kidogo, ukazunguka tena. Darasa likanyamaza. Nikawaambia: nguvu hii ndiyo inayosaga mahindi yenu, na ndiyo iliyotoboa ile sahani. Nikaeleza ndiva. Nikaeleza kwa nini Wamarekani wameacha. Halafu nikafuta ubao nikachora ramani: Rufiji, Dar es Salaam, Tanga, Same, Kahe, nikawasimulia mzinga wa Königsberg na watu waliouvuta. Mkuu wa idara alipita dirishani, akatazama ramani kwenye kipindi cha Fizikia, akaendelea na safari yake. Nimshukuru kwa hilo.

Mwisho wa kipindi yule kijana wa dawati la nyuma akanifuata nje. Nilidhani anataka kuuliza mambo ya ampea.

"Mwalimu, hao waliovuta walilipwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia enzi zile zilikuwa rupia, na kwamba nitamuuliza mtu. Jumamosi nikapanda nyumbani, nikamfikishia babu swali kama lilivyo. Alicheka kwanza, akasema huyo mtoto ni wa huku kweli. Kisha akakaa kimya muda, akiangalia chini.

"Mwambie baba alirudi na blanketi," akasema. "Moja. La kaka yake halikuletwa."